Redio ya Msumarini

Baba alikufa siku aliyoiacha redio yake msumarini.

Si redio ya kusikilizia muziki. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakivaa kifuani chini ya koti, na tangu unapokiwasha asubuhi mpaka unaporudi, kinatoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii ila redio nyingine inausikia. Theluji ikikufukia, wenzako wanazigeuza zao zisikilize, wanaufuata mlio, wanachimba. Ndani ya dakika kumi na tano za kwanza kwa kawaida wanatoa mtu. Baada ya hapo wanatoa maiti.

Baba, Bimurza, alikuwa amewapeleka wageni milimani miaka ishirini na miwili. Jumanne moja ya Februari alitoka peke yake kuangalia njia, mwendo wa saa moja tu, akaiacha redio ikining'inia nyuma ya mlango. Mteremko wa kaskazini ukashuka naye. Tulimpata mwezi wa Mei, theluji ilipoyeyuka, na mbwa ndio waliotangulia kumwona.

Mama hakuiondoa redio pale msumarini. Miaka tisa aliifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na picha za watakatifu. "Ingetoka naye, ingerudi naye," alisema, na mtu hakumbishia, kwa sababu kwa namna yake ilikuwa kweli.

Kaka yangu Jokia alirithi kazi ya Baba, nami nikawa msaidizi wake. Mimi ndiye niliyesomea. Nina cheti cha chuo cha waongozaji wa milimani, chenye muhuri. Mama alikitundika jikoni juu ya sufuria ya maji ya moto, na mvuke ukakikunja pembe zote nne. Jokia hakuwa na cheti. Alikuwa na mabega ya Baba.

Yaliyotokea yalianza katikati ya Januari, wiki ya Lipanali, wiki ambayo wafu wetu hurudi nyumbani kula nasi. Meza huandaliwa kila jioni, kila marehemu na sahani yake, na aliye hai haigusi sahani hiyo mpaka wiki iishe. Watu huongea kwa sauti ya chini. Hata wenye ugomvi hugombana kwa kunong'ona.

Jioni ya kwanza Mama aliweka sahani ya Baba, mkate wa nyama juu yake, glasi ya araki, pombe yetu kali, kando. Halafu akaenda nyuma ya mlango, akaitoa redio msumarini, akaiweka pale pa kijiko.

"Bado inaongea hii?" aliniuliza.

"Ukiitia betri itaongea."

"Na ya Jokia?"

"Ya Jokia ni mpya, Mama. Kila mtu ana yake. Moja, kifuani. Nimeshakwambia mara mia."

Alifikiri. "Sasa zikiongea mbili, si mtamsikia vizuri zaidi?"

Mikono yangu ilikuwa kwenye unga mpaka viwikoni. Asubuhi ileile nilikuwa nimemsikia akimwambia jirani kwamba mimi nabeba kamba za kaka yangu kwa kuwa hakuna mwanamume aliyejitokeza kunibeba mimi. Basi nikamjibu nilivyojisikia kumjibu.

"Eh, Mama. Mfungie hata kumi. Atasikika mpaka mjini Tbilisi."

Jokia alicheka karibu na jiko, akakaza skrubu ya skii yake, ubao wa kutelezea thelujini. "Kumi hazinitoshi. Mimi mzito."

Mama hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa maelekezo na daktari.

"Kesho usitoke," alimwambia Jokia. "Baba yako yuko nyumbani. Utamwachaje mezani?"

"Wageni wamekuja, Mama. Wametoka Ucheki, hawajaja kula na baba yangu."

"Hata aibu huna."

"Baba mwenyewe hakuwa na hamu ya kukaa mezani na wewe. Kila siku alikuwa mlimani. Hukuwahi kujiuliza kwa nini?"

Aliyasema kwa kunong'ona, kama ada ilivyotaka. Mama alisogeza glasi ya Baba kidogo, ikae sawa na sahani.

Wageni walikuwa wawili, Radek na mke wake Alena. Radek alikuwa jitu la mtu, mwenye ndevu nyekundu, mcheshi. Alena alikuwa mwangalifu, anayeuliza maswali. Asubuhi tulikutana kwenye uzio wa nyumba ya mwisho ya kijiji, mahali ambapo redio hupimwa kabla ya kupanda. Utaratibu ni mwepesi. Kiongozi anaigeuza yake isikilize za karibu tu, kila mtu anapita mbele yake mmoja mmoja, na kwenye kioo cha redio yake kinaonekana kimtu kidogo kimoja kwa kila redio inayolia. Akimaliza kupima wote anarudisha yake kwenye kulia, na msaidizi anampima yeye.

Radek alipita. Alena alipita. Nilipita mimi. Jokia akairudisha yake kwenye kulia, akalivaa shanta lake, ambalo lilikuwa limeegemea uzio mbali kidogo.

"Sasa wewe," nilisema, nikaigeuza yangu isikilize. "Simama nikupime."

"Unipime mimi?"

"Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wa chuo." Alijipigapiga kifuani. "Umeniona nikiivaa?"

"Nimekuona."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi umeshapima. Au unataka wageni waone dada mtu anampapasa kaka yake?" Akawageukia wageni, akawatafsiria kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na Radek akacheka mpaka akashika uzio.

Uso uliniwaka. Nikairudisha redio yangu kwenye kulia bila kumpima. Hatua mbili tu. Ningezipiga, kile kioo kingenionyesha vimtu viwili badala ya kimoja.

Tulipanda saa tatu. Siku tatu theluji ilikuwa imeanguka bila kupumzika, na usiku wa nne upepo wa magharibi ukaihamisha yote, ukaishindilia upande wetu wa mlima. Kabla ya mteremko mkubwa nilichimba shimo, nikakata mche wa theluji kwa sepeto, nikaweka bapa la sepeto juu yake, nikalipiga kwa vidole. Pigo la nne, ule mche ukateleza wote kama droo inayovutwa. Chini yake kulikuwa na punje za zamani, kavu, zisizoshikana, kama sukari. Nilichota kiganja, nikampelekea Jokia.

"Tuufuate mgongo wa mlima," nilisema. "Huku hakufai."

Aliziangalia zile punje zikinipita vidoleni. Sitamsingizia. Aliziangalia vizuri.

"Mgongoni ni saa moja na nusu zaidi. Huyu bibi ameshachoka."

"Achoke."

"Tutavuka juu kabisa, kwenye ukingo, mmoja mmoja. Natangulia mimi. Nikifika kwenye ule mwamba nainua fimbo, ndipo anakuja mwingine. Mkinifuata wawili nitawachapa."

"Jokia."

"Makvala," alinijibu kwa sauti ileile yangu, ya pua, na Radek akatabasamu bila kujua tunachosema.

Kisha akafanya kila linalotakiwa kufanywa. Alitoa mikono kwenye vitanzi vya fimbo. Alifungua mkanda wa kiunoni wa shanta lake, kisha wa kifuani, likabaki limeegemea mabegani tu. Hufanywa hivyo ili theluji ikikuchukua, shanta liachane nawe, lisikuvute chini. Baba ndiye aliyetufundisha. Jokia hakuwahi kusahau hata siku moja.

Alikuwa amevuka theluthi mbili mlima ulipotoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mlango mzito wa ghala umefungwa chini ya miguu yetu. Ufa ukakimbia juu yake, upana wa uwanja mzima, na mteremko wote ukaanza kwenda, kwanza ukiwa mzima kama shuka, kisha vipande vipande, kisha vumbi. Nilimshikilia kwa macho. Ndivyo tunavyofundishwa, usifumbe, usipige kelele, tazama mahali pa mwisho. Niliona koti lake la buluu, nikaona mkono, nikaona shanta jekundu, halafu nikaona theluji.

Ilipotulia, niliangalia saa. Saa tano na dakika nane.

"Alena, baki hapa, utazame juu. Kikishuka chochote, piga filimbi. Radek, nifuate. Redio zenu zigeuzeni zisikilize, zote, nizione."

Walizigeuza, nikaziona, nikaigeuza na yangu. Nikashuka kwenye yale madonge, ambayo tayari yalikuwa yameanza kushikana kama saruji. Kiooni ikaja namba ya mita, thelathini na nane. Chini ya namba hiyo kulikuwa na vimtu viwili.

Nikahesabu. Radek nyuma yangu. Alena juu. Mimi. Aliyefukiwa ni mmoja.

"Nionyeshe yako tena," nilimwambia Radek.

"Inasikiliza. Tazama."

Ilikuwa inasikiliza. Nikaitikisa yangu, kama mjinga anavyotikisa saa. Vimtu vilibaki viwili. Sikuwa na muda wa kuuliza wa pili ni nani. Nikaufuata mlio ulio karibu, kwa sababu ulikuwa karibu na ulikuwa na nguvu, nguvu kuliko nilivyozoea. Ishirini na mbili. Kumi na tatu. Sita. Nikapiga magoti, nikaishusha redio mpaka ikagusa theluji. Moja na nusu. Nikaunganisha vipande vya ufito wangu wa kutafutia mtu, nikachoma theluji. Mara ya kwanza hewa. Mara ya pili hewa. Mara ya tatu ukafika kitu kinachobonyea na kuurudisha ufito mkononi, kama nyama.

"Ni yeye," nilisema. "Chimba."

Zilikuwa zimepita dakika nne. Nilifurahi. Lazima niliseme hili pia, kwamba nilifurahi, kwamba nilikuwa nikichimba huku nikitunga maneno nitakayomwambia akifumbua macho, juu ya utaratibu, juu ya chuo, juu ya mgongo wa mlima. Radek alichimba kama mashine. Dakika ya kumi sepeto langu likakwaruza kitambaa chekundu.

Tukalichimbua shanta. Nilidhani yuko chini yake. Nikalivuta, likaja lote, jepesi kama mtoto, na chini yake kulikuwa na theluji tupu, na chini ya theluji ile theluji nyingine. Redio yangu iliniambia tumefika. Niliisogeza kwenye shimo, namba ikapanda. Nikaisogeza kwenye shanta, namba ikashuka.

"Iko ndani ya begi," alisema Radek.

Nilikata bitana kwa kisu. Mahali pa mgongo palikuwa pameshonwa kwa sufu ya kahawia, ile ambayo Mama hutufumia soksi. Ndani palikuwa na kitambaa cha meza kilichokunjwa, kipande cha mkate wa wafu, na redio ya Baba. Taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Betri zilikuwa mpya.

Niliizima. Kiooni kikabaki kimtu kimoja. Mita arobaini na moja, upande wa chini.

Dakika ya kumi na nne.

Tulikimbia, tukaanguka, tukakimbia. Alikuwa mita mbili chini, kasoro kidogo. Watu wawili waliokwisha kuchimba shimo moja hawachimbi la pili kwa kasi ileile, hata wakitaka. Mikono ya Radek ilikuwa inatoka damu na alikuwa analia bila kukoma. Tulimfikia uso dakika ya thelathini na tatu. Mkono wake mmoja ulikuwa mbele ya mdomo, kama tulivyofundishwa, na palikuwa na nafasi ndogo pale, sawa na kikombe. Ukuta wa nafasi hiyo ulikuwa umeganda barafu. Ile barafu hutokana na pumzi. Ikiwa nyembamba, mtu alikufa mapema. Yake ilikuwa nene kama sahani ya udongo.

Tulimpulizia, tukamkandamiza kifua mpaka Alena alipotushika mikono.

"Kwa nini alikuwa na mbili?" Radek aliuliza.

Nilimwambia sijui.

Ami Gedevan, mdogo wa Baba, mwongozaji wa zamani, alipanda na wanaume wa kijiji na sleji ya kumburutia thelujini. Alimwangalia Jokia kwa muda mfupi, akamfunika. Halafu akatembea juu ya madonge akasimama kwenye shimo la kwanza.

"Hili la nini?"

Nilimwonyesha redio. Hakuhitaji kuambiwa. Aliijua, alikuwapo Baba alipoinunua. Aligusa ule uzi wa kahawia kwa kidole, akatazama pembeni.

"Itupe mtoni," alisema. "Nanuli, mama yako, asijue. Ameshamzika mume, atamzika mtoto. Hili hawezi."

"Na watakaponiuliza dakika kumi zimekwenda wapi?"

"Utasema ulichelewa."

"Sikuchelewa, Ami."

"Najua. Utasema ulichelewa. Wewe bado mdogo, utabeba."

Alilisema kama mtu anayegawa mizigo asubuhi, kamba kwa huyu, sufuria kwa yule. Tulipopita kwenye daraja nilisimama. Mto ulikuwa unapita chini ya barafu, mweusi. Niliishika redio mkononi muda mrefu, halafu nikairudisha mfukoni. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nimeshaizima ile sauti mara moja, sikuweza tu kuitupa pia.

Nyumba ilikuwa imejaa. Meza ya wafu ilikuwa bado imeandaliwa, hakuna aliyethubutu kuigusa, na Jokia alilazwa kwenye benchi kando yake. Wanawake waliomboleza. Mama hakuomboleza. Alikuwa amekaa karibu na kichwa cha Jokia, mikono magotini, akinisubiri mimi.

"Msomi," alisema. "Njoo."

Nikaja.

"Cheti chako kinasema dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Wewe umetumia ngapi?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Ami Gedevan alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akinitazama.

"Thelathini na tatu," nilisema. "Nilichelewa."

"Ulichelewa. Ulikuwa unachimba kwa kijiko?"

"Nilichelewa, Mama."

"Nilijua. Nilijua huyu hatoshi." Alikuwa anawaambia wengine sasa, kwa sauti ya chini, ya Lipanali. "Ndiyo maana sikumwacha Jokia peke yake. Nilimtia baba yake mgongoni. Nilinunua betri mpya, nikaiwasha, nikaishona kwa mkono wangu jua halijachomoza. Redio mbili alikuwa nazo, mwanangu. Mbili zinamwita. Na bado huyu hakusikia."

Niliona Ami Gedevan akifumba macho. Baadhi ya wanaume kule nyuma, wale wanaofanya kazi yetu, waliacha kunywa. Mmoja aliweka glasi dirishani polepole sana. Walikuwa wameshaelewa.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshaubeba mzigo, umeshakaa begani, umebaki mwendo tu. Lakini alikuwa amesema sitoshi, na kaka yangu alikuwa amelala pale na barafu nene kama sahani.

"Nilisikia, Mama," nilisema. Nikaitoa redio mfukoni, nikaiweka mezani pale pa kijiko cha Baba. "Nilimsikia Baba kwanza. Alikuwa na sauti kubwa kuliko Jokia, maana ulimtia betri mpya. Nikamfuata. Tukamchimba dakika kumi, na alikuwa ndani ya shanta. Jokia alikuwa mita arobaini huko chini, anapumua."

Aliangalia redio. Aliniangalia mimi. Jambo lilichukua muda kumfika, na mimi nilisimama nikalitazama likimfika. Sikumpunguzia hata neno. Nilikuwa nimeongea kwa sauti ninayotumia kuwafundisha wageni.

"Anapumua," alisema.

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Muda mrefu."

Mwanamke mmoja alitaka kumshika bega. Mama aliuondoa ule mkono, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Macho yake hayakunitoka.

"Nilikuuliza," alisema. "Hapa, meza hii. Nilikuuliza, zikiongea mbili hamtamsikia vizuri zaidi? Ukasema eh. Ukasema nimfungie hata kumi."



"Nilikuwa nakutania, Mama."

"Mimi sikusoma," alisema. "Nilimuuliza aliyesoma."

Akageuka, akaanza kumchana Jokia nywele, ambazo bado zilikuwa na maji.

Baada ya arobaini Ami Gedevan alitoa betri, na Mama akairudisha redio msumarini. Huifuta vumbi kila Jumamosi. Mimi bado napeleka wageni, na hakuna anayepita ule uzio bila kupimwa, hata awe nani, hata acheke vipi.

Hatukulizungumza tena lile jambo. Tuliishi. Ananiambia chumvi imekwisha, namwambia nitaleta. Januari iliyofuata, jioni ya kwanza ya Lipanali, nilirudi nikakuta meza tayari. Sahani ya Baba mahali pake. Sahani ya Jokia karibu na jiko, alikopenda kukaa. Na sahani ya tatu, mkate juu yake, glasi imejaa, mbele ya kiti changu.

"Hii ya nani?" niliuliza.

Mama alikuwa akimimina araki. "Kaa," alisema.

Nikakaa. Wiki nzima nilikula kwa mkono, jikoni, nimesimama, na jioni nilikaa mbele ya ile sahani mikono magotini, kwa sababu sahani ya marehemu haiguswi.